Ubao Uliodonolewa na Kuku

Tarehe 9 Julai 1938, siku ya Jumamosi, mume wangu alifariki asubuhi kabla jua halijawa kali. Kifua kilimsumbua kwa wiki tatu. Aliacha nyumba ya vyumba viwili upande wa Ilemela, kuku saba, sanduku la brashi, na ubao mmoja ambao kazi yake ilikuwa imefika nusu.

Watoto hatukuwa nao. Tulizika wawili wakiwa wachanga, na baada ya hao hawakuja wengine. Naliandika hili mapema kwa sababu lilikuwa na uzito katika yote yaliyofuata. Mjane asiye na mtoto hakuwa na kitu cha kumshikilia kwa wakwe. Matanga yakishaanuliwa wangeweza kunirudisha kwetu Kisesa, kwa kaka yangu, na hakuna ambaye angewalaumu. Mimi sikutaka kurudi. Nilitaka kubaki palepale na kuishi kwa kazi ya mume wangu, kazi ya kuchora na kuandika mabango ya maduka. Sikumwambia mtu yeyote. Mjini Mwanza sikuwa nimemwona wala kumsikia mwanamke anayeifanya.

Mume wangu alijifunza kupaka rangi bandarini akiwa kijana, kwa fundi mmoja aliyekuwa akiandika majina na namba kwenye meli. Huko ndiko alikopata usafi wake wa kazi. Kabla ya kugusa rangi alipima kwa rula, akapiga mstari kwa uzi uliopakwa chaki, akarudi nyuma hatua tano, akautazama, akapima tena. Tone likidondoka mahali pasipo pake alikwangua sehemu yote mpaka mbao ionekane, akaanza upya, hata kama ni kazi ya siku mbili. Mimi nilipiga msasa, nilipaka ile rangi ya kwanza ya kuziba vinyweleo vya mbao, niliosha brashi kwa tapentaini, na katika miaka ya mwisho aliniruhusu kujaza herufi kubwa ambazo yeye alikwisha kuzichora kingo. Mchoro wenyewe hakunipa. Aliniambia mara moja kwamba mkono wangu ni mzito, na ulikuwa mzito kweli.

Ulikuwa mzito kwa sababu ya udongo. Kabla ya kuolewa, na hata baadaye, kazi niliyojulikana kwayo ni kukandika nyumba. Udongo, mavi ya ng'ombe, majivu, maji na kiganja. Katika mtaa wetu, uliobanana na mawe makubwa mpaka karibu na ziwa, kuta nyingi zilipita mikononi mwangu. Ukuta ukikauka vibaya ukapasuka, huubomoi. Unaufuata ule ufa kwa kidole chenye udongo mweupe, unautolea matawi, na wageni wakija wanadhani ulikusudia. Nilifanya hivyo tangu usichana wangu na sikuwahi kufikiri kwamba ni ufundi. Niliona ni kuficha aibu.

Ule ubao wa nusu ulikuwa wa mfanyabiashara mmoja Mhindi aliyeuza vitambaa, majembe na taa. Alikuwa anajenga duka jipya karibu na soko, na alitaka alifungue katika msimu wa pamba, watu wa mashambani wakiwa wameshauza. Ubao ulikuwa mrefu kama kitanda. Juu alitaka maandishi ya Kigujarati na ya Kiswahili, na chini yake ng'ombe mwekundu amesimama, ili asiyejua kusoma aseme tu kwamba anakwenda kwa Ng'ombe Mwekundu. Rangi zote alizinunua mwenyewe na kuzileta kwa mkokoteni. Mume wangu alipaka ubao mzima rangi ya maziwa, akamaliza maandishi yote, na yakakauka vizuri. Ng'ombe alikuwa amemchora kwa chaki tu pale kifua kilipomlaza.

Siku ya nane baada ya mazishi mwenye duka alimtuma karani wake kuja kuuchukua. Karani alikaa kwenye jiwe, akanipa pole, akaeleza kwa upole kwamba tajiri yake amesikia kuna fundi Bukoba, atamwita. Nikamwambia amwambie tajiri kwamba ubao utakuwa tayari kabla ya siku ya kufungua duka. Nilisema hivyo kabla sijafikiri. Akauliza nani ataumalizia. Nikamjibu kwamba ubao upo na mimi nipo. Akaondoka akiwa hana hakika kama amejibiwa.

Shida ilikuwa sanduku. Kwa ukoo wa mume wangu, vifaa vya kazi vya marehemu havikuguswa mpaka siku ya arobaini, vitakapogawiwa mbele ya wote. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, aliyefanya kazi kwenye kinu cha kuchambulia pamba, alilifunga sanduku kwa kamba ya katani siku ileile ya mazishi akalisukuma chini ya kitanda cha mama yao. Ndani yake zilikuwamo brashi zote, uzi, rula na bikari. Na duka lilikuwa lifunguliwe kabla ya arobaini.

Nikamwendea mama mkwe, ambaye nyumba yake ilikuwa uwanja mmoja na yetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, asiyependa mtu anayezunguka na maneno. Nilipiga magoti nikamwamkia, kisha nikamuuliza ule ubao ni wa nani.

"Wa Mhindi," akasema.

"Na rangi?"

"Za Mhindi. Si alizileta mwenyewe?"

"Basi si vitu vya marehemu."

Akanitazama. Kichwa changu kilikuwa kimenyolewa, na chake pia. "Brashi ni zake," akasema. "Brashi usiniombe."

"Siombi brashi, mama."

"Utapaka kwa nini sasa? Kwa ulimi?"

Nikamwonyesha viganja vyangu. Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu msiba, kisha akaona haya akaziba mdomo kwa kanga. Hakusema ndiyo. Alisema tu nisiutoe ubao nje ya uwanja, kwa sababu sikuruhusiwa kutoka, na nisiimbe nikiwa kazini. Sikuwa na nia ya kuimba.

Nilianza kesho yake. Kwa tumbo na mgongo wa ng'ombe nilitumia kiganja. Kwa miguu nilitumia kipande cha gunia. Kwa kingo, pembe na mkia nilitafuna kijiti cha mswaki mpaka kikatoa nyuzi, nikachovya. Nilifuata chaki ya mume wangu kama mtu anayefuata njia aliyoonyeshwa gizani, na sikuipita hata kidogo. Jirani yetu, mwanamke aliyekausha dagaa upande wa chini, alipanda kunitazama, akasimama mikono kiunoni.

"Fundi gani huyu anayemkandika ng'ombe?" akasema. "Ukimaliza, mwezekee na nyasi."

Alikuwa anatania, lakini alikuwa amesema kweli, na sikujua mpaka siku nne zilipopita. Nilikuwa nimeweka rangi kama ninavyoweka udongo, nene, tabaka moja la kushiba. Udongo mnene hushika ukutani. Rangi ya mafuta ikiwa nene hulala mbichi. Juu iliota ngozi laini ya kunata, na nikiibonyeza kwa kidole, kidole kilizama. Kwa zile herufi nilizowahi kujaza, mume wangu alikuwa akinipimia rangi mwenyewe, kidogo kidogo, kwa hiyo jambo hili sikuwahi kulijua. Nikaona dawa ni upepo. Nikautoa ubao ukumbini nikauegemeza kwenye jiwe kubwa la uwanjani, uso ukielekea ziwani.

Hapo nilifanya kosa ambalo mtu wa pwani ya ziwa hafanyi. Kila mtu kwetu anajua kwamba mwezi ukishafifia na mpya unapokaribia kuandama, wale wadudu wadogo wa ziwa, wasiouma, huinuka majini kwa wingi na kuja nchi kavu. Siku hizo hakuna anayeanika nguo wala samaki bila kutazama ziwani kwanza. Lakini mimi nilikuwa ninaingia ndani kila siku kabla ya jua kuzama, kama mjane alivyotakiwa, na kwa siku kumi na nane sikuwa nimeliona anga la jioni. Mwezi nilioukumbuka ulikuwa ule mkubwa wa wiki ya mazishi.

Nilikuwa ndani nasaga mtama waliponifikia. Mlangoni kiliingia kivuli kama cha wingu. Nilipotoka, nguzo ya wadudu, ya rangi ya moshi, ilikuwa imekwisha kupanda kutoka ziwani na upepo ukiilaza juu ya mtaa wetu. Nilifunika uso kwa kanga, nikasikia wanavyonipiga mikononi kama pumba. Kwenye ubao hawakushika mahali pengine popote. Maandishi yalikuwa makavu, rangi ya maziwa ilikuwa kavu. Walimshika ng'ombe peke yake. Alikuwa mweusi kuanzia pembe mpaka mkia, na alikuwa anatikisika, kwa sababu wengi walikuwa hai.

Wakati nimesimama hivyo, kuku wakawaona.

Walikuja wote saba. Wadudu hawa ni karamu kwa kuku, na hapa walikuwa wameandaliwa wima. Walianza na miguu ya ng'ombe, wakaruka kufikia tumbo, jogoo akapanda juu ya jiwe akamdonoa mgongoni. Kila walipodonoa walichukua mdudu pamoja na rangi, na rangi ya maziwa ikatokea chini yake. Niliwafukuza, wakarudi kwa upande mwingine. Mama mkwe alitoka kwake akawaona kuku wenye midomo na vichwa vyekundu wakikimbia uwanjani, akachukua fimbo akiniambia kicheche ameingia, amewaua wote. Nilipomwonyesha ubao alishusha fimbo.

"Haya," akasema. "Mhindi aliagiza ng'ombe. Umempa mzoga."

Nilichukua kisu cha jikoni nikwangue. Mume wangu angekwangua, na mimi nilitaka kufanya ambalo angelifanya. Kwanza nikafungua kopo la rangi nyekundu kuona kiasi gani kimebaki. Kilikuwa kiasi cha kumpaka ng'ombe pua. Nyingine yote nilikuwa nimeikandika.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu miaka iliyofuata watu walinisifu kwa jambo hili na niliwaacha wanisifu. Sikuacha kukwangua kwa kuona uzuri. Niliacha kwa sababu rangi ilikwisha na siku zilikwisha. Nilikaa chini mbele ya ubao, kisu mapajani, mpaka kivuli cha jiwe kikanifikia miguuni, na muda wote huo nilikuwa ninafikiria Kisesa na mke wa kaka yangu.

Uzuri niliuona nilipochoka kufikiri. Nilimtazama ng'ombe begani, pale ambapo kuku walidonoa kidogo na wadudu walizama wengi, nikaona rangi ambayo nilikuwa naijua. Baba yangu alikuwa na ng'ombe wa namna ile nilipokuwa mdogo. Ni mwekundu, lakini ana chembe nyeusi na chembe nyeupe zilizochanganyika katika manyoya, na ukimtazama kwa mbali huwezi kusema mwekundu unaishia wapi. Watu wetu wana jina la kila rangi ya ng'ombe, na hiyo ina jina lake, na wenye ng'ombe wa hiyo rangi hawapendi kumuuza. Mume wangu, mtu wa bandarini, alikuwa amekusudia ng'ombe mwekundu kama kopo lilivyo jekundu. Ng'ombe mwekundu wa namna hiyo sikuwahi kumwona akitembea.

Nikainuka. Nilifanya kazi siku tatu zilizofuata kama ninavyofanya ukuta uliopasuka. Uso na miguu, ambako kuku walizidi, niliziba mashimo kwa ile rangi iliyobaki, nikiitandaza kwa kidole mpaka ikawa nyembamba. Begani na ubavuni sikugusa. Chini ya tumbo palikuwa na madoa matatu makubwa yaliyokaa kama vifungo. Mawili niliyaunganisha, moja nikalifuta. Rangi ilipokauka nilipangusa mbawa na miguu ya wadudu kwa unyoya, ikabaki miili yao tu ndani ya rangi, midogo kama chembe za ulezi. Kuku niliwafungia ndani siku zote tatu na mama mkwe alilalamika kwa ajili ya mayai.

Mwenye duka alikuja mwenyewe, na karani wake na mkokoteni, siku moja kabla ya kufungua duka. Alimwamkia mama mkwe kwa heshima, akanipa pole, kisha akageukia ubao. Aliukagua kuanzia herufi mpaka kwato.

"Mama," akasema, "mimi nilisema ng'ombe mwekundu."

"Ni mwekundu, bwana. Ana madoa."

"Madoa sikusema."

"Hukusema. Yamekuja yenyewe."

Akasogea, akapitisha kidole begani mwa ng'ombe, akauliza hizi chembe ni nini. Nikamweleza yote, wadudu na kuku, kwa sababu angeweza kuambiwa na mtaa mzima. Karani aligeuza uso akatazama ziwa, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mwenye duka hakucheka wala hakukasirika. Alisema hana ubao mwingine, atautundika huu, na msimu ukiisha atamwita yule fundi wa Bukoba apake ng'ombe mwingine juu yake. Wakaupakia. Nilisaidia kufunga kamba, nikarudi ndani. Sikumwomba abadili mawazo. Nilijua neno lake likimfikia shemeji kabla ya arobaini, habari yangu imekwisha.

Siku ya kufungua duka sikuweza kwenda. Mama mkwe alisema anakwenda sokoni kununua chumvi, jambo ambalo kwa kawaida alinituma mimi au alimtuma jirani. Alirudi mchana umekwisha geuka, akakaa kwenye kigoda, akavua viatu, akanyoosha miguu. Nilingoja. Akaniambia kwamba chini ya ubao aliwakuta wanaume wawili wa kule kwetu Kisesa, wenye fimbo na vumbi la njia, wakibishana. Mmoja alitaja jina la rangi ya yule ng'ombe. Mwingine akasema hapana, wa jina hilo madoa yake hukaa nyuma, huyu ana jina jingine. Wa kwanza akasema yeye mahari yake alitoa ng'ombe huyohuyo, atamsahauje? Wengine wakasimama kuamua. Mkokoteni wa pamba ukashindwa kupita. Mwenye duka akatoka kuuliza kuna nini, nao wakamuuliza yeye ng'ombe huyu alimwona kwa nani, na kama yupo bado. Halafu, kwa kuwa walikuwa wamefika mlangoni, wakaingia ndani kutazama majembe.

"Na Mhindi akasemaje?" nikauliza.

"Alisimama naye akamtazama ng'ombe wake." Mama mkwe alisugua miguu yake. "Chumvi nimesahau."

Siku ya arobaini walikuja jamaa kumi na wawili. Walikula, wakazungumza, kisha shemeji akaleta vitu vya marehemu katikati ya mkeka: koti, viatu, baiskeli, ngazi, na sanduku. Koti na viatu vilikwenda kwa wajomba, baiskeli kwa shemeji mwenyewe, kama ilivyostahili. Alipofika kwenye sanduku alisema amepata seremala wa bandarini anayelihitaji, na mimi kaka yangu amekwisha pelekewa habari, atakuja kunichukua juma lijalo. Alilisema kama mtu anayesoma orodha.

Nikasema naliomba sanduku. Sauti yangu ilikuwa ndogo, na ilibidi niseme mara mbili.

"Shemeji," akasema, "brashi si upawa wa mchuzi."

"Najua."

"Ule ubao wa Mhindi tumeuona. Watu wanausema. Nani alikufundisha kuweka madoa yale? Marehemu hakuwa fundi wa madoa."

Ningeweza kusema nilijifundisha. Jamaa wote walikuwa wananitazama, na wengine wangependa jibu hilo. "Waliyaweka wadudu," nikasema, "na kuku."

Walicheka wote, hata mama mkwe. Shemeji aliwaacha wacheke mpaka wakamaliza. "Basi sanduku tuwape kuku," akasema, wakacheka tena.

Nilingoja nami. Nilikuwa na hasira, lakini ilikuwa hasira tulivu. "Kuku hawakujua pa kuacha," nikasema. "Wangemla mpaka kwato. Mimi ndiye niliyewafungia. Mimi ndiye niliyetazama nikasema hapa paachwe, hapa pazibwe. Hilo hakunifundisha mtu, na ndilo ninaloliombea sanduku. Nikishindwa nitarudi Kisesa kwa miguu yangu, hamtamtuma mtu kunifuata."

Hakuna aliyecheka. Shemeji alimtazama mama yake. Mama mkwe alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, na hakuinua uso. Alisema Mhindi amemwambia karani amwandikie fundi wa Bukoba asije. Mimi mwenyewe nilikuwa sijalisikia hilo. Alikuwa amekaa nalo siku ngapi, sikumuuliza kamwe.

Shemeji aliinuka. Alichukua ngazi, akasema mwanamke hatapanda ngazi mjini wakati yeye yu hai. Akafungua kamba ya sanduku, akatoa bikari akaitia mfukoni, akanisukumia sanduku kwa mguu. "Mwaka mmoja," akasema. Nikashika miguu yake nikashukuru.

Mwishoni mwa mwezi huo alikuja mtu kutoka Kamanga, ng'ambo ya maji, mwenye kijiduka kidogo pale vyombo vinaposhusha abiria. Alileta ubao wake mwenyewe begani na kopo la rangi nyekundu mkononi. Alitaka ng'ombe kama yule wa mjini, na madoa yaleyale. Nikakubali upesi mno. Nilimwambia anipe mpaka mwezi mwingine uandame.

Safari hii nilitazama anga kila jioni. Nilimchora ng'ombe kwa chaki mwenyewe, nikakandika rangi nene makusudi, nikauegemeza ubao kwenye jiwe lilelile, nikawanyima kuku chakula tangu asubuhi. Siku ya kwanza wadudu waliinuka, nikawaona, na upepo ukawapeleka upande wa mjini. Siku ya pili hawakuinuka. Siku ya tatu walikuja wachache, rangi ikiwa imekwisha kuota ngozi kavu isiyonata, wakatua na kuruka tena. Kuku walipita mbele ya ubao bila kugeuza shingo. Nikachukua masizi nikayachekecha juu ya ng'ombe kwa chekeche. Alionekana kama aliyegaagaa jalalani. Nikachukua brashi ndogo ya mume wangu, ile ambayo hakuwahi kunishikisha, nikatia madoa moja baada ya jingine. Yalitoka sawasawa, yamepangana kama ya kitambaa cha dukani. Nilikuwa ninasema uongo kwa brashi yake.

Nikamwaga tapentaini kwenye tambara nianze kufuta. Harufu ile ilikuwa harufu ya mikono yake, na ndipo nilipolia, karibu miezi mitatu baada ya kumzika, nikiwa nafuta kutoka mgongoni kushuka tumboni, mkono wangu mzito ukivuta rangi kwa michirizi. Sikuona ninachofanya. Nilipopangusa macho nikamwona ng'ombe amebaki nusu, mwekundu wa michirizi inayoshuka, minene mgongoni na myembamba ubavuni, kama ngozi ya mnyama aliyenyeshewa na mvua. Nikaweka tambara chini. Niliacha palepale. Nilimtia jicho, nikasafisha kwato, nikaosha brashi.

Yule mtu wa Kamanga alirudi siku aliyoahidi. Akazunguka ubao mara mbili.

"Wadudu wako wapi?" akauliza.

"Hawakuja."

"Huyu si yule."

"Si yule, bwana. Yule siwezi kumrudia. Usipompenda huyu nitakusafishia ubao wako, uende nao."

Alikaa kwenye jiwe akamtazama. Alisema kwao kuna ng'ombe wa michirizi namna hii, mkorofi, hakubali kukamuliwa ila na mtu mmoja. Kisha akasema chombo hakimngojei mtu, akashika ubao upande mmoja. Nilimwambia tumbo halijakauka, tuubebe kwa kingo. Nilishika upande wa pili, tukashuka naye mpaka majini, uso wa ubao ukitazama juu. Abiria walikuwa wamekwisha kaa. Wakasogea wakaulaza juu ya magunia. Mwanamke mmoja alinyoosha mkono akamgusa ng'ombe tumboni, akakitazama kidole chake, akakifuta kwenye gunia, na chombo kikasukumwa majini.